Mpagazi na Mtumwa Katika Njia Moja: Somo Kuhusu Simu, Mazoea na Fadhila ya Kiasi



Kuna swali linalojirudia kila vijana wanapokutana, iwe ni TYCS shuleni, TMCS chuoni, VIWAWA parokiani au hata jumuiya ndogondogo jioni: "Je, kukaa kwenye simu muda mrefu ni dhambi?" Mwingine anauliza kwa utani, mwingine anauliza kwa sababu limemfika shingoni. Na majibu tunayoyazoea ni mawili. Wazee wanasema simu imeharibu vijana. Vijana wanasema simu ni kifaa tu, kama jembe, inategemea unaitumiaje.

Somo la leo linataka kusema kwamba majibu yote mawili yana upungufu, hasa hilo la pili. Jembe halikuamshi saa saba usiku. Jembe ukiliweka pembeni halikutumii ujumbe kwamba limekukumbuka. Programu nyingi za simu zimebuniwa kwa makusudi ili urudi, na urudi tena, hata ukiwa huna haja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni dhambi, tuulize kwanza: haya mazoea yametengenezwaje, na yananipeleka wapi?

Kabla ya kuendelea, fungua Biblia usome sehemu tatu: Warumi 7:14-25, 1 Wakorintho 6:12-20, na Luka 15:11-32. Tutazirudia njiani.

1. Njia ile ya Tabora

Tuanzie nyumbani. Kama umewahi kufika Tabora umeiona miembe mikubwa, na pengine umetembelea Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Dkt. Livingstone mwaka 1872. Hapo palikuwa katikati ya njia kuu ya misafara: kutoka Bagamoyo pwani, kupitia Mpwapwa na Ugogo, hadi Unyanyembe, kisha mbele hadi Ujiji ziwani Tanganyika. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne kwa miguu!

Sasa fikiria msafara wenyewe. Alfajiri kelele zinaanza, watu wanaamshana, mizigo inafungwa. Mbele anakaa kirangozi, kiongozi wa msafara, na karibu yake ngoma inapigwa. Ngoma ikilia, mguu unajua kazi yake. Mtu anabeba mzigo wa kama kilo 30 begani au kichwani, anatembea hadi kambi inayofuata, anapokea posho yake, mara nyingi kibaba cha nafaka kwa siku, anapika, anaimba, analala. Kesho tena. Keshokutwa tena. Baada ya wiki chache mwili unakwenda wenyewe. Hayo ndiyo mazoea.

Lakini katika njia hiyo walipita watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mpagazi. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hii, na kwa vijana wengi wa Unyamwezi kwenda pwani na kurudi kulikuwa alama ya utu uzima. Mpagazi alipatana ujira. Alijua anakwenda wapi. Msafara ukimwonea aligoma, au aliutua mzigo akatoroka, na maandishi ya wasafiri wa Kizungu yamejaa malalamiko kuhusu wapagazi waliofanya hivyo. Wa pili ni mtumwa, aliyetembea njia ileile, chini ya jua lilelile, akihesabu hatua zilezile, lakini shingoni ana mnyororo au gogo la panda. Hakupatana na mtu. Hakuchagua mwisho wa safari. Na hakuwa na ruhusa ya kutua chochote.

Ndiyo maana jina la Bagamoyo linasimuliwa kwa namna mbili. Wengi hulieleza kuwa limetokana na "bwaga moyo". Kwa mpagazi maana yake ni: umefika, pumzisha moyo. Kwa mtumwa maana yake ni: mbele ni bahari, moyo wako uache hapa. Maneno ni yaleyale, na mji ni uleule.

Ukiwatazama kwa mbali, huwezi kutofautisha hatua ya mpagazi na hatua ya mtumwa. Ni lazima usogee uulize: nani amemwita huyu, anakwenda wapi, na je, anaweza kutua mzigo? Shika maswali hayo matatu. Tutayatumia kwenye simu.

2. Mtego unavyosukwa

Mwaka 2014 Mmarekani Nir Eyal alitoa kitabu kiitwacho Hooked, ambacho kinawafundisha watengenezaji jinsi ya kuunda bidhaa zinazojenga mazoea. Mpango wake una hatua nne, na ukizijua utaziona kila mahali.

Hatua ya kwanza ni kichocheo. Mwanzoni kinatoka nje: simu inalia, kidoti chekundu kinatokea, arifa inasema fulani ameweka picha. Baadaye kichocheo kinahamia ndani. Ukichoka, ukiwa mpweke, ukiwa na wasiwasi wa mtihani, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Mtengenezaji amefaulu pale ambapo hahitaji tena kukupigia kengele, kwa sababu huzuni yako imekuwa kengele yake.

Hatua ya pili ni tendo, nalo linafanywa kuwa jepesi iwezekanavyo: kugusa mara moja, kuvuta kidole chini. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ukurasa usio na mwisho, ule ambao ukiteremka maudhui mapya yanajipanga bila wewe kubonyeza chochote. Kabla ya hapo ukurasa ulikuwa na mwisho, na kwenye mwisho huo ulipata sekunde mbili za kujiuliza kama unataka kuendelea. Sekunde hizo mbili zikaondolewa. Raskin mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba anajutia matokeo ya ubunifu wake.

Hatua ya tatu ni tuzo isiyotabirika, na hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alifanya majaribio na panya na njiwa katikati ya karne iliyopita. Mnyama akipewa chakula kila anapobonyeza, atabonyeza akishiba ataacha. Lakini chakula kikija mara moja moja bila mpangilio, mnyama anabonyeza bila kuchoka, na hata chakula kikikatwa kabisa inamchukua muda mrefu kukata tamaa. Sasa fungua simu yako. Video tisa za kawaida, ya kumi inakuvunja mbavu. Je, ujumbe umejibiwa? Tiki zimekuwa za bluu? Picha imepata laiki ngapi? Hujui mpaka ufungue, na ni kule kutojua ndiko kunakuvuta.

Wanaobeti wanalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote. Mkeka wa timu saba, sita zimeshinda, moja imechana. Akili inapaswa kusema nimepoteza, lakini moyo unasema nilikaribia! Na kile kimchezo cha kandege kinachopanda kwenye kioo kinaisha kwa sekunde chache ili kianze tena kabla hujapata muda wa kufikiri. Pesa ya boda ya siku nzima inaweza kuondoka kwa dakika kumi, na kijana anarudi nyumbani hana la kumwambia mama. Hapo hatuzungumzii tena burudani. Tunazungumzia unga wa nyumbani.

Hatua ya nne ni uwekezaji. Kila unapotumia unaacha kitu: picha, marafiki, alama, mfululizo wa siku. Kuna programu zinazokuhesabia siku ulizoingia bila kukosa: siku 30, siku 100, siku 212. Mwanzoni unaingia kwa sababu unapenda. Baada ya muda unaingia ili namba isirudi sifuri. Angalia mabadiliko hayo kwa makini, maana kilichoanza kama upendo kimegeuka kuwa hofu.

Na yote haya tunaambiwa ni bure. Wasafiri wa zamani walipopita katika nchi ya mtemi walilipa hongo. Siku zile neno hilo lilimaanisha ushuru wa njia, wa vitambaa na shanga, unaojadiliwa waziwazi mpaka pande mbili zinakubaliana. Leo tunalipa hongo ya macho na muda, nao matangazo yanauzwa kwa hesabu ya macho yetu. Tofauti ni kwamba mtemi alikutajia bei kabla hujapita.

3. Je, mazoea ni adui?

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Tukisikia hayo tunaona dawa ni kuchukia mazoea yote, tuishi kwa hiari tupu, kila tendo tulifikirie upya. Haiwezekani, na wala si Ukristo.

Aristotle alifundisha kwamba mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki mara nyingi, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Mtakatifu Thomas wa Akwino akalichukua wazo hilo, na katika Summa Theologiae anaeleza kwa kirefu kile anachokiita kwa Kilatini habitus. Fadhila ni habitus njema: uthabiti wa ndani unaomfanya mtu atende mema kwa wepesi na kwa furaha. Tunauvuna kwa kurudia matendo, na unadhoofika tukiacha kutenda. Katekisimu nayo inaieleza fadhila kama mwelekeo wa kudumu na imara wa kutenda mema (namba 1803). Haba na haba hujaza kibaba, si ndiyo?

Lakini kuna jambo moja Thomas analisisitiza ambalo linatusaidia sana leo. Kwake, habitus ni kitu ambacho mtu anakitumia anapotaka. Mpiga kinanda wa kwaya ana habitus ya muziki, lakini vidole havimburuzi kwenda kwenye kinanda wakati wa kula. Anapotaka kupiga, anapiga vizuri na bila kuhangaika. Fadhila inakupa uwezo, na usukani unabaki mkononi mwako. Mazoea ambayo yanakutumia, utake usitake, hayajafika kuwa fadhila hata kama tendo lenyewe linaonekana zuri.

Sasa tazama jinsi Kanisa linavyojenga mazoea, maana na lenyewe ni mbunifu wa zamani. Kengele inalia asubuhi, mchana na jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana. Hicho ni kichocheo kutoka nje, sawasawa na arifa. Lakini ikilia, unasimama, unasali dakika chache, kisha unarudishwa kwenye kazi yako: shamba, jiko, daftari. Kengele haikushikilii.

Chukua rozari yako uitazame. Makumi matano, punje zinahesabika, na mkono unakwenda wenyewe kwa mazoea ili moyo upate nafasi ya kutafakari. Marudio yapo tele, Salamu Maria hamsini! Lakini rozari ina mwisho. Ukimaliza umemaliza. Unabusu msalaba, unaiweka mfukoni. Misa nayo ina mwisho, na mwisho wake ni kutumwa: nendeni. Hata Kwaresima ina siku zake arobaini, kisha Pasaka inafika na watu wanakula.

Msafara nao ulikuwa na kambi. Mpagazi alijua jioni atatua. Safari isiyo na kambi inaua hata mtu mwenye nguvu, na ukurasa usio na mwisho ni safari isiyo na kambi.

Ndiyo maana fadhila ya nne kati ya fadhila kuu, baada ya busara, haki na nguvu, tunaiita kiasi. Neno letu la Kiswahili limeipatia jina zuri kweli. Kiasi ni kipimo. Kibaba cha posho kina mdomo wake. Ukimimina zaidi, nafaka inamwagika chini na haimshibishi mtu. Kiasi hakisemi video ni mbaya. Kinauliza: kibaba chako kimejaa lini, na kilichomwagika kilikuwa cha nani? Pengine kilikuwa usingizi wako. Pengine kilikuwa muda wa mdogo wako aliyetaka umsaidie hesabu.

4. Mnyororo wa mtu mwenyewe

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu kutoka Thagaste, aliandika katika kitabu cha nane cha Maungamo jinsi alivyotaka kuongoka akashindwa. Anasema alikuwa amefungwa, lakini chuma kilichomfunga hakikuwa cha mtu mwingine. Kilikuwa utashi wake mwenyewe. Anatuonyesha pete za mnyororo huo moja baada ya nyingine: utashi uliopinda ukazaa tamaa, tamaa iliyotumikiwa ikazaa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakawa ulazima. Mtume Paulo naye katika Warumi 7 analia kwamba jema analolitaka halitendi. Hao ni watakatifu wawili wakubwa, kwa hiyo kijana unayeshindwa kuiweka simu chini saa nane usiku, usijione kituko.

Je, basi ni dhambi? Katekisimu inasema wajibu wa mtu kwa tendo unaweza kupungua, hata kuondolewa, kwa sababu ya ujinga, hofu, mazoea na mambo mengine ya namna hiyo (namba 1735). Kwa hiyo mtu aliyenaswa si lazima abebe lawama yote ya kila dakika iliyopotea. Lakini usikimbilie kufurahi. Dhamiri iliyoshajua kuna mtego ina wajibu mpya: kutafuta njia ya kutoka, na kutokwenda tena kwa hiari pale mtego ulipo. Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba kitu kinaweza kuwa halali na bado kikataka kuwa bwana wako. Hilo ndilo swali la kupeleka kwenye kitubio. Usihesabu saa tu. Uliza nani anatawala.

Na mnyororo unaweza kukatika. Kwenye historia ya Kanisa la magharibi mwa Tanzania yupo Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuvushwa Jangwa la Sahara. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, walimkomboa huko Algeria. Akasomeshwa, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1888 akaja Afrika Mashariki. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, akiwa katekista na tabibu. Alibaki hukohuko akitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Piga hesabu: miaka sitini na zaidi, mahali pamoja, kazi ileile kila asubuhi. Mtu aliyewahi kutembezwa kwa nguvu alichagua kubaki kwa hiari. Marudio ya namna hiyo hayana mnyororo. Hiyo ndiyo habitus ya Thomas, imevaa mwili.

5. Kwa wale mnaotengeneza programu

Najua baadhi yenu mnasoma kompyuta, na wengine mmeshaanza kutengeneza programu za vikoba, za masomo, hata za sala. Mtu akikuambia "weka striki, weka arifa, watu watarudi", utafanyaje? Jambo hili si la nadharia. Kitabu kile cha Hooked kina sura nzima inayochambua programu ya Biblia ya YouVersion, iliyoanza mwaka 2008, kama mfano wa bidhaa inayojenga mazoea vizuri. Mbinu hizohizo zinaweza kumrudisha mtu kwenye kamari au kwenye Injili. Je, basi lengo jema linatosha kuhalalisha kila mbinu? Maadili yetu yanasema hapana: tendo lenyewe, nia na mazingira, vyote vinapimwa. Kwa hiyo chukua maswali ya njia ya Tabora uipime kazi yako.

Nani anaita? Arifa ikitoka, iwe kwa faida ya anayeipokea na kwa muda aliouchagua yeye. Kumkumbusha mtu sala ya jioni saa aliyoipanga mwenyewe ni kengele ya kanisa. Kumwambia "kuna jambo umelikosa" wakati hakuna jambo lolote ni uongo, na amri ya nane haijaisha muda wake.

Anakwenda wapi, na kambi iko wapi? Weka mwisho. Somo la leo likiisha, programu iseme: umemaliza, uende kwa amani. Kama hesabu zako zinataka abaki dakika arobaini wakati alihitaji tano tu, ujue kuna mtu unamnyang'anya dakika thelathini na tano.

Anaweza kutua mzigo? Kitufe cha kujitoa kiwe rahisi kuonekana kama kile cha kujiunga. Mpagazi aliyepatana lazima aweze kusema basi.

Na la mwisho ni hili: akianguka anapokelewaje? Hapa Luka 15 inatuhukumu. Programu ya striki inamwambia aliyekosa siku moja kwamba zile siku 100 zimefutika, uko sifuri. Baba wa yule mwana mpotevu hakuhesabu siku alizokuwa mbali. Alimkimbilia. Ukitengeneza programu ya sala, mtu aliyepotea wiki tatu kwa sababu ya ugonjwa, msiba au uvivu tu akute mlango wazi na somo la leo tayari. Sakramenti ya Kitubio haina striki. Programu inayojiita ya Kikatoliki ikimtia mtu aibu ya namba, imemfundisha Mungu ambaye si wetu.

Mkumbuke pia mafundisho ya Kanisa kuhusu kwazo. Katekisimu (namba 2284-2287) inasema mwenye kumvuta mwingine kwenye ovu anabeba mzigo, na inataja kuwa kwazo linaweza kuletwa hata na sheria, taasisi, mitindo na maoni ya watu. Kitufe pia kinaweza kuwa kwazo. Aliyeketi ofisini akikichora hawezi kunawa mikono kama Pilato akisema mtumiaji alibonyeza mwenyewe.

6. Zoezi la wiki hii

Kwa sisi watumiaji, hebu tujaribu mambo manne kwa siku saba. Si mengi.

Siku ya kwanza, zima arifa zote ambazo hazitoki kwa binadamu anayekutafuta wewe. Mama akipiga, isikike. Programu inayokwambia kuna ofa, inyamaze.

Pili, kila unapoichukua simu, sema moyoni unakwenda kufanya nini. "Namjibu mwalimu wa kwaya." Ukishamjibu, umefika kambini, tua.

Tatu, simu ilale mbali na kitanda chako. Kama unaitumia kukuamsha, iweke upande wa pili wa chumba. Anayeishi bweni au chumba cha watu wanne aiweke kwenye begi.

Nne, jioni fanya utafiti wa dhamiri kwa dakika tano, kama Mtakatifu Inyasi wa Loyola alivyofundisha. Shukuru kwanza. Kisha pitia siku yako: ni wapi leo nilitembea kama mpagazi, na ni wapi nilivutwa? Kabla sijaishika simu nilikuwa nahisi nini: upweke, uchovu, hasira, njaa? Mkabidhi Bwana hisia hiyo yenyewe, maana hiyo ndiyo kengele iliyotekwa. Omba msamaha palipo na kosa, omba neema ya kesho, lala.

Anayepambana na kubeti au picha chafu asipambane peke yake. Mweleze padre, mlezi wa kikundi, au rafiki mmoja unayemwamini. Hakuna aliyefika Ujiji peke yake. Watu walisafiri kwa msafara, tena kwa sababu nzuri. Na kama mkeka umeshakula ada au mtaji, mwambie mtu wa nyumbani wiki hii, kabla deni halijazaa deni.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

Ni programu gani moja kwenye simu yako ambayo ukiulizwa "unaweza kuitua kwa wiki moja?" unasita kujibu? Kwa nini?

Ni mazoea gani mema uliyonayo ambayo unayatumia utakapo? Nani alikufundisha, na yalichukua muda gani?

Kikundi chenu kikitengeneza programu ya parokia, mtaweka nini pale mtumiaji anapomaliza sala yake?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulitembea njia za Galilaya kwa miguu, na ulijua kuondoka kwenye umati ukaenda mlimani kusali. Tuangalie sisi vijana tunaovutwa huku na huku. Kata mnyororo tuliojifungia wenyewe. Tufundishe kiasi, ili tujue kuchukua na kujua kutua. Wabariki wanaobuni vyombo tunavyotumia, wapende kutuhudumia kuliko kutushika. Na tunapoanguka, tusiogope kurudi, maana wewe hutuhesabii kwa namba. Uwe wewe kirangozi wetu, unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Mtakatifu Augustino, utuombee. Mama Maria, Bikira wa Rozari, utuombee.